Lion King mpya imepoa wapi, na je ni kweli rimeki haijawahi kuizidi muvi ya kwanza?

Dada mmoja wa Pasua, Moshi, ameniuliza hivi: "Kaka habari za Arusha. Watoto nimewawekea The Lion King ile ya 2019, picha kali mno yaani simba kama wa Serengeti kabisa, lakini mpaka Mufasa anakufa sikusikia kitu na watoto walishaanza kuchezea rimoti. Ile ya katuni niliiangalia nikiwa shule ya msingi na nililia. Mume wangu anasema siku zote rimeki ni wizi, hakuna muvi iliyorudiwa ikaizidi ya kwanza, na zile za pili ndo kabisaaa. Ni kweli au anakuza? Na kama anakuza, nitajuaje ipi ya kuangalia kabla sijamaliza bando?"

Dada yangu huku salama, na shemeji mfikishie salamu zangu maana leo lazima nimguse.

Nianze na Lion King kwasababu hapo ndo swali lako lina nyama. Ulichokihisi ni sahihi kabisa na hakitokani na wewe kuwa mtu mzima sasa hivi. Picha ilipopanda ubora ndo uigizaji ukashuka, na yote mawili yalitokana na uamuzi mmoja.

Ile ya 1994 iliongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na simba wake walichorwa kwa mkono. Watu wengi wakisikia katuni wanadhani uigizaji uko kwenye sauti tu, kumbe mchoraji naye ni mwigizaji, tena mara nyingine kumzidi hata mwenye sauti. Chukua Scar, yule adui wa Mufasa. Aliyesimamia uchoraji wake ni Andreas Deja, na alichofanya ni kumsoma Jeremy Irons, yule aliyetoa sauti, anavyolegeza jicho akiongea, anavyopinda mdomo akimdharau mtu, afu akavihamishia vyote kwenye uso wa simba. Ndo maana Scar hata akinyamaza unajua ana jambo baya kichwani, nyusi zinapanda, jicho linasinzia, kucha anazichezea, na mtoto wa miaka mitano anamwelewa bila kuambiwa.

Sasa 2019 Jon Favreau na timu yake wakaamua simba awe simba kweli. Na wewe uko Kilimanjaro, kama hujafika Ngorongoro basi umeona video ambazo madereva wa utalii wanarusha kila siku, uso wa simba haubadiliki badiliki jamani, akishiba ni ule ule, akichukia utamjua kwa masikio na mkia na jinsi anavyoshusha mwili, lakini mashavu yake hayalii wala hayacheki. Kwahiyo walipounakili uso ule kwa uaminifu wakajikuta na mfalme anayemsihi mtoto wake kwa sauti ya kutetemesha huku uso umetulia tuli. Macho yako yanapewa habari moja, masikio yanapewa nyingine, na wewe katikati unashindwa kujua umwamini nani, hapo machozi yatatoka wapi?

Ushahidi mkubwa wa hili ni James Earl Jones. Mufasa wa 1994 ni yeye na Mufasa wa 2019 ni yeye, miaka 25 katikati, sauti ile ile iliyokuliza ukiwa shule ya msingi. Kama sauti ingekuwa ndo kila kitu ungelia tena. Kilichobadilika ni uso peke yake, na umeona tofauti yake.

Na hapa tusiilaumu kompyuta. Favreau mwenyewe alisema katika muvi nzima ni shoti moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kweli, ile ya mwanzo kabisa jua linachomoza, mengine yote yalitengenezwa. Maana yake hata wale simba wapya ni wa kuchorwa, tofauti ni kifaa, na walikuwa huru kabisa kuwapa nyusi na vicheko. Walichagua kutowapa. Mimi naamini ulikuwa uchaguzi mbaya kwa hadithi ya aina ile, hadithi ya baba na mtoto na kaka mwenye wivu, ambayo ni ya kibinadamu kuanzia juu mpaka chini.

Watoto kuchezea rimoti nako kuna sababu yake. Ile ya kwanza ina dakika 88, hii mpya ina 118, imeongezeka nusu saa nzima na kilichoongezwa hakina uzito wa nusu saa. Halafu nenda kwenye ule wimbo wa Simba mdogo anayetamani ufalme, kwenye katuni ghafla rangi zote zinageuka, wanyama wanapandana mpaka wanakuwa mnara, yaani unaona dunia kama anavyoiona mtoto mwenye kiburi. Kwenye mpya wanakimbia kimbia kwenye maji basi, kwasababu pundamlia wa kweli hawapandani. Mtoto anayeangalia hajui kueleza lakini anajua amenyimwa kitu. Waliobaki hai kidogo ni Timon na Pumbaa kwasababu utani wao uko kwenye maneno na kasi ya kujibizana, hauhitaji sana uso.

Pamoja na yote hayo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, kwahiyo msitegemee wataacha. 2024 wametoa nyingine, Mufasa, ya Barry Jenkins, inasimulia ujana wa Mufasa na Scar. Kwa jicho langu nyuso za mle zimelegezwa kiasi, na angalau kuna jambo jipya la kusimuliwa.

Haya, sasa shemeji.

Anasema hakuna muvi iliyorudiwa ikaizidi ya kwanza. Jibu lake liko karibu na nyumbani kuliko anavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuja huku kwetu Arusha dairekta mmoja wa Hollywood anaitwa Howard Hawks, akapiga kambi upande wa Momella, chini ya Mlima Meru, akiwa na John Wayne, Hardy Krüger na Elsa Martinelli, wakatengeneza Hatari!, ikatoka 1962. Wazee wengi wa huku wanaijua. Ni muvi ya watu wanaokamata wanyama wa bustani za Ulaya na Marekani, na kilichomo mle hakipatikani tena, kwasababu wale waigizaji walikimbizana na wanyama wenyewe, faru anayelipiga lile gari ni faru kweli, na hofu unayoiona kwa watu walioning'inia nje ya gari ni hofu kweli. Stori yenyewe nyepesi, mapenzi mapenzi na utani, lakini zile sini za kukimbizana ukiziangalia leo bado unashika kiti.

Sasa huyo huyo Hawks, miaka 30 kabla hajaja Momella, alikuwa ametengeneza Scarface ya kwanza, 1932. Najua shemeji anaijua Scarface, nani asiyeijua, lakini anayoijua yeye ni ya Al Pacino, ya 1983, ya Brian De Palma, na hiyo ni rimeki! Ya Hawks steringi wake aliitwa Tony Camonte, aliigiza Paul Muni, iko Chicago enzi pombe imepigwa marufuku Marekani na majambazi wanauana kwa ajili ya bia. Nusu karne baadaye skripti ikaandikwa upya na Oliver Stone, bia ikawa kokeini, Chicago ikawa Miami, Camonte akawa Tony Montana, mkimbizi wa Kuba aliyekuja na zile boti za 1980 pale Castro alipofungua bandari ya Mariel. Walichokiacha ni mifupa, mtu wa chini anayepanda kwa damu afu anaanguka, na ule wivu wake mbaya juu ya dada yake mwenyewe, kila kitu kingine kikabadilishwa. Mwishoni De Palma akaandika kwamba muvi yake ni heshima kwa Hawks na Ben Hecht, aliyeandika ile ya kwanza.

Na ilipotoka 1983 wengi waliiponda vibaya, De Palma alitajwa hata kwenye zile tuzo za kudhihaki wabovu, Razzie. Leo nenda kijiweni Ngarenaro au Majengo hapo Moshi, muulize kijana yeyote wa miaka 20 Tony Montana ni nani, atakujibu. Muulize Tony Camonte. Mimi mwenyewe naipenda ya Hawks, ina ufundi mwingi, kwa mfano kila mtu akikaribia kuuawa inatokea alama ya msalaba wa X mahali flani kwenye picha, kwenye ukuta, kwenye kivuli, na ukishaijua unaanza kuitafuta kwa wasiwasi. Lakini kusema rimeki yake ni wizi hapana, ni kazi kamili inayosimama kwa miguu yake.

Na Hawks hakuishia hapo. 1951 akiwa prodyuza alitoa muvi ya kiumbe kutoka anga za mbali kinachowavamia watu kwenye barafu, na John Carpenter akaja kuirudia 1982 kwa jina la The Thing, akirudisha kutoka kwenye hadithi ya kitabu wazo ambalo ile ya 1951 ililiacha, kwamba kiumbe anaweza kujigeuza kuwa yeyote kati yenu, kwahiyo ubaya uko kwenye kutoaminiana. Ilipotoka haikufanya vizuri, siku hizi watu wanaitaja kati ya muvi bora za kutisha zilizowahi kutengenezwa. Hizo rimeki mbili zote chimbuko lake ni yule mzee aliyekuwa anakunywa chai yake Momella.

Unaona kinachofanana hapo? Carpenter na De Palma hawakuirudia muvi kwasababu ni nzuri. Kila mmoja aliona kwenye ile ya kwanza kuna jambo halijasemwa, au limesemwa kwa zama zake na sasa lina sura nyingine, akaja na ugomvi wake mwenyewe. Lion King ya 2019 haina ugomvi wowote na ile ya 1994, inaipenda tu, inaifuata sini kwa sini, na pale inapotofautiana nayo ni kwenye manyoya.

Mifano iliyo wazi zaidi kwangu iko India, na picha za Kihindi najua nyumbani kwenu zinaangaliwa. Agneepath ya kwanza ni ya 1990, Amitabh Bachchan, prodyuza Yash Johar. Amitabh alibadilisha sauti yake makusudi, akaifanya nzito ya kukwaruza, na watazamaji wengi walilalamika hawamwelewi, muvi ikaanguka sokoni ingawa yeye alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo hiyo. Afu 2012 nani akaitengeneza upya? Karan Johar, mtoto wa Yash Johar. Alirudia muvi ya baba yake iliyoanguka, wakamweka Hrithik Roshan, na Hrithik kwa akili yake hakujaribu hata kidogo kumwigiza Amitabh. Amitabh alikuwa na moto wa kuongea, Hrithik akawa wa kunyamaza, hasira yote iko kwenye macho na shingo. Adui Kancha ndo usiseme, kwenye ya kwanza Danny Denzongpa alimfanya mtu wa suti na miwani, mstaarabu wa nje na sumu ya ndani, kwenye ya pili Sanjay Dutt akaja na kipara, mwili mkubwa, hana nyusi, anatisha hata akiwa amesimama tu. Na wakaongeza mtu ambaye hakuwepo kabisa, Rauf Lala, wakampa Rishi Kapoor, yule yule tuliyemzoea kwenye mapenzi na sweta za rangi, safari hii anauza wasichana. Nilipomwona mara ya kwanza nilishtuka kweli kweli. Kwa hiyo moja tu mimi nasema ya 2012 ina haki ya kuwepo, na kwenye upande wa maadui imeizidi.

Ndo maana huwa nawaambia vijana ninaowafundisha skripti hapa mjini, muvi nzuri ya kurudia ni ile iliyojikwaa, yenye wazo kubwa na kasoro ya wazi. Ukiirudia iliyokamilika unaenda kupimwa nayo kila dakika.

Muulize dairekta wa Kihindi Ram Gopal Varma. 2007 aliirudia Sholay. Sholay, dada! Picha ya 1975 iliyokaa kwenye sinema moja ya Bombay, Minerva, zaidi ya miaka mitano. Gabbar Singh, jambazi wa mle, wa Amjad Khan ni bahati iliyokutana na ufundi, maana nafasi ile ilikuwa iende kwa Danny Denzongpa, huyo huyo Kancha, akawa amebanwa na shuti nyingine Afghanistan, ndo akaletwa Amjad ambaye hakuwa na jina, na kuna waliodhani sauti yake ni nyembamba mno kwa jambazi. Ile sauti ndo ikawa yote. Inakwenda taratibu, inacheka, inatafuna maneno, afu inafyatuka. Varma kwenye rimeki yake akampa Amitabh nafasi ya adui, mwigizaji mkubwa kuliko wote waliokuwepo, aliyekuwa ndani ya Sholay yenyewe kama Jai, na bado ikaanguka vibaya, kwasababu kila Amitabh anapofungua mdomo wewe unamsikia Amjad. Nafasi unaweza kumpa mtu mwingine, ila kile mtu wa kwanza alichokifanya nayo hakihamishiki, inabidi mwingine aende nayo mahali pengine kabisa au aiache.

Kwa upande wa muendelezo shemeji ana hoja zaidi, nakubali. Miendelezo mingi ni mtori ulioongezwa maji ili wageni watoshe. Lakini "kabisaaa" hapana.

The Godfather ya pili, 1974, ilibeba Oskari ya picha bora, muendelezo wa kwanza kuwahi kufanya hivyo, na Robert De Niro akapata Oskari kwa kumwigiza Vito Corleone kijana, mtu yule yule ambaye Marlon Brando alipata naye Oskari kwenye ya kwanza. Na De Niro mle anaongea Kisisilia karibu muda wote. Hakunakili Brando, alichukua vitu vidogo, mkono unavyogusa shavu, ile sauti inayotoka kooni, afu akajenga kijana ambaye bado hajui atakuja kuwa nani. Ukitaka kuwafundisha watu kuigiza mtu ambaye ameshaigizwa, anzia hapo.

Nyingine ni Terminator ya pili, 1991, na hii nadhani shemeji hatabisha. James Cameron alikuwa na ya kwanza ya 1984 ambayo Arnold ni muuaji asiyechoka. Miaka saba baadaye angeweza kuleta muuaji mwenye misuli zaidi watu wangelipa, yeye akageuza, Arnold akawa mlinzi, na muuaji mpya akawa Robert Patrick, mwembamba, sura ya askari wa kawaida tu. Patrick alijizoeza kukimbia mdomo umefunga, anahema kwa pua, ndo maana ukimwona anafukuza gari unaogopa bila kujua kwanini, uso haumwambii mwili kwamba umechoka. Ona basi, huo ni uso uliotulia unaofanya kazi, kwasababu hadithi inamtaka awe mashine, wakati kwa Mufasa hadithi ilitaka baba. Na Linda Hamilton, yule mhudumu wa mgahawa wa ya kwanza, amerudi ni mwingine kabisa, mikono imekaza, macho ya mtu asiyelala, kwasababu ameishi miaka yote ile akijua dunia itaungua na hakuna anayemwamini. Huo ndo muendelezo, watu wameendelea kuishi wakati sisi hatuwaoni. Zilizofuata, ya 2003, 2009, 2015, 2019, Cameron hakuongoza hata moja, na kila moja inajaribu kuanzisha upya kitu ambacho kilishafungwa vizuri.

Coming to America ndo inayoniuma. Ya 1988 ukiachana na utani, ni hadithi ya mtu anayetaka apendwe akiwa fukara, na Eddie Murphy na Arsenio Hall wanacheza watu chungu nzima mle, ile saluni ya kunyolea peke yake ni shule, watu wengine mpaka leo hawajui yule mzee mzungu pale saluni ni Eddie chini ya mekapu ya Rick Baker. Ya pili ikaja 2021, miaka 33 baadaye. Karibu kila mtu amerudi, saluni imerudi, nguo zimerudi na ni nzuri zaidi. Ila Akeem, yule mwanamfalme wa Eddie, amerudi akiwa hana anachokitaka kwa nguvu, anatafuta mtoto wa kiume wa kurithi kwasababu sheria ya ufalme wake wa Zamunda inasema hivyo, na mtu asiyetaka kitu hachekeshi. Wesley Snipes ndo kaja na nguvu mpya, kila akiingia na ile ngoma yake muvi inaamka, akitoka inalala.

Na ukipenda Nollywood kuna Living in Bondage. Ya kwanza 1992, Andy anamtoa mke wake kafara ili apate utajiri. Ya pili 2019, miaka 27 baadaye, kaiongoza Ramsey Nouah, yule yule ambaye Watanzania tulimjua zaidi alipocheza na marehemu Kanumba. Kenneth Okonkwo amerudi kama Andy, sasa ni mtu wa dini, ila muvi inamfuata mtoto wake ambaye hakulelewa naye na anaitamani ile ile mali. Swali la kwamba dhambi ya baba inamwachia nini mtoto lilikuwepo tangu 1992 na hakuna aliyelijibu. Hapo kuna sababu ya kurudi.

Sasa bando. Trela ndo itakuambia mengi, ila uiangalie kwa jicho hili. Kama trela nzima inakuonyesha vitu unavyovikumbuka, wimbo ule ule, nguo ile ile, mzee anarudi anatabasamu afu muziki unapanda, jua hawana kingine ndani, subiri mtu akuwekee kwenye flashi. Kama inakuonyesha tatizo ambalo muvi ya kwanza haikuwa nalo, angalia. Halafu tazama nani kaongoza, na kama aliwahi kutengeneza kitu chake mwenyewe kabla ya kukabidhiwa cha mwenzake. Na jiulize ile ya kwanza ilibakiza nini, kama ilimaliza kila kitu na wewe ukatoka umeridhika kabisa, ya pili itabidi ivunje kitu ili ipate pa kuanzia, angalia wanavunja nini, mara nyingi wanaanza kwa kumuua mtu uliyempenda dakika za mwanzo na hiyo ni dalili mbaya.

Nami nina ombi moja. Ukitaka kupima uigizaji usitumie ya kutafsiriwa. Naziheshimu sana muvi za kutafsiriwa, tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa zamani, zimeleta watu wengi kwenye picha ambao lugha ingewazuia, kwenye vibanda umiza watu walikuwa wanacheka na kulia pamoja kwa sauti ya mtu mmoja, na ule ni usanii wake kabisa. Lakini sauti ya mwigizaji inafunikwa, na umeona hapo juu, Gabbar bila sauti ya Amjad anabaki nusu, na Agneepath ya 1990 bila ile sauti iliyolalamikiwa huwezi kujua ugomvi ulikuwa wa nini. Weka yenye maandishi chini.

Kuna kitu nimekibakiza kwenye Hatari!. Haijawahi kurudiwa kwa jina lake, na ikirudiwa leo kwa mtindo wa Lion King faru watakuwa wa kompyuta na itakuwa haina maana. Lakini itazame tena uone kina nani wako nyuma ya John Wayne, wanaoshika kamba, wanaojua njia, wanaobeba vizimba. Watu wa huku huku, hawana hadithi mle ndani, mmoja mmoja hata jina hana. Kijana wa Usa River au Ngarenanyuki akiiandika upya kutoka upande wa wale washika kamba, mwaka ule ule wa kuelekea uhuru, wazungu wanakamata wanyama wa kupeleka Ulaya na yeye ndo anayemshika faru mguu, hiyo rimeki mimi naisubiri kwa hamu kuliko zote nilizozitaja, na ningeihariri bure.

Kwa watoto, wapigie ya 1994, na kama wameshaiona ya 2019 hakuna shida, waangalie tu kwenye sini ile ya Simba na baba yake bondeni watakaa vipi. Wewe na shemeji wikendi hii watoto wakilala wekeni Don. Ya Amitabh kwanza, 1978, iliyoandikwa na Salim na Javed, afu kesho yake ya Shah Rukh Khan, 2006, iliyoongozwa na Farhan Akhtar, mtoto wa Javed huyo huyo. Karibu muvi nzima shemeji atakuwa anasema nilikuambia, ona, sini ile ile, wimbo ule ule, wameiba. Mwache aongee. Mwisho umebadilishwa na sikwambii umebadilishwaje, ila ukifika utalazimika kurudi nyuma uangalie upya kila alichokuwa anafanya Shah Rukh na uso wake tangu katikati ya picha, vile vitabasamu vidogo ulivyodhani ni mapozi tu. Akimaliza mwambie aniandikie mwenyewe.